Wapiga Mizinga Wasio na Kitabu: Kuzisoma Historia za Vikosi Kutokea Midia

Katika darasa la uhakiki tumezoea kuanza na riwaya, kisha tamthilia, kisha ushairi, na muda ukibaki tunagusa wasifu. Upo utanzu mwingine ambao hatuugusi kabisa, kana kwamba haukuandikwa na mtu: historia ya kikosi cha jeshi. Kila anayezunguka maktaba anaifahamu kwa sura. Ni kitabu kinene, kina ramani za kukunjwa, kina picha ya maafisa waliokaa mbele na askari waliosimama nyuma, na kurasa za mwisho zina orodha ya nishani. Wenzetu wa idara ya historia hukifungua wakitafuta tarehe. Sisi wa Kiswahili tunakipita. Makala haya yanapendekeza tukisome kama tunavyosoma kazi nyingine ya masimulizi: tuulize nani anasimulia, nani amefanywa mhusika, na nani amebaki nje ya msuko. Mfano nitakaoutumia zaidi ni wa watu ambao utanzu huu unashindwa kuwabeba, yaani wapiga mizinga ya kutungulia ndege. Na mahali ninaposimama ninapousoma ni Midia, katika wilaya ya Koboko, West Nile, ambako ni vigumu kupata ukoo usio na mwanajeshi, na ni vigumu zaidi kupata ukoo uliomkuta mwanajeshi wake ndani ya kitabu.

Tuanze na kitabu ambacho kila anayeandika juu ya askari wa Afrika Mashariki hulazimika kukipitia. Mwaka 1956 Luteni Kanali H. Moyse-Bartlett alichapisha historia ya King's African Rifles, jeshi ambalo wazee wetu walilifupisha kuwa Keya. Kina kurasa zaidi ya 700 na kinakwenda kutoka 1890 hadi 1945. Siwezi kukibeza. Bila kazi ile tusingejua batalioni ipi ilikuwa wapi mwezi gani, na mwandishi ni mtu makini asiyependa kutia chumvi. Lakini tukikitazama kwa macho ya uhakiki, jambo la kwanza linaloonekana ni kwamba mhusika mkuu si mtu. Mhusika mkuu ni batalioni. Inazaliwa, inapewa namba, inajaribiwa, inapata sifa, inavunjwa, inafufuliwa vita vingine vikija. Watu huingia na kutoka ndani yake kama maji katika mtungi. Afisa Mwingereza huingia kwa jina na cheo. Askari Mwafrika huingia kwa wingi: kombania, platuni, idadi ya waliokufa. Anapopata jina lake mwenyewe, aghalabu ni kwa sababu amepata nishani, na nishani hutolewa kwa kitendo kilichoonwa na afisa. Kwa hiyo hata pale askari anapotajwa, tunamwona kwa jicho la aliyempendekeza.

Atakuja mtu aseme kwamba haya si makosa ya mwandishi bali ni kawaida ya utanzu. Ndivyo hasa. Ndiyo maana nasema tuuhakiki utanzu, tusimshtaki mtu mmoja. Jina la mwandishi likibadilishwa, akaandika Mtanzania au Mganda, msuko huohuo hurudi, kama nitakavyoonyesha mbele.

Mwaka wa kuchapishwa nao unasema kitu. Mwaka 1956 Kenya ilikuwa bado katika hali ya hatari, askari wa Keya wakiwa msituni wakiwasaka wapiganaji wa Mau Mau, ambao baadhi yao, kama Waruhiu Itote, walikuwa wamevaa sare hiyohiyo kule Burma. Kitabu kinakoma 1945. Si kosa, maana mwandishi alichagua mpaka wake waziwazi. Lakini msomaji wa 1956 aliyekifunga kitabu aliachwa na picha ya utiifu uliokamilika, wakati utiifu huo ulikuwa unapasuka nje ya dirisha lake.

Sasa tuje kwa wapiga mizinga. Kitabu cha Keya ni kitabu cha askari wa miguu. Jeshi la mizinga la Afrika Mashariki, lililokuzwa wakati wa Vita Kuu ya Pili likiwa na vikosi vya mizinga ya uwanjani, ya pwani na ya kutungulia ndege, halikuwa sehemu ya Keya. Kwa jina tu, liko nje ya jalada. Huu ni mtego wa kwanza wa utanzu: ukiwa hukuhesabiwa katika kikosi kilichopata mwandishi, umepotea mara mbili, kwanza kama Mwafrika, pili kama mtu wa kikosi kisichofaa kusimuliwa.

Kwa nini hakifai kusimuliwa? Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu lazima tueleze kazi yenyewe. Mzinga mkubwa wa Kiingereza wa kutungulia ndege katika vita vile, wa inchi 3.7, ulirusha kombora la kilo karibu 13 hadi urefu wa zaidi ya mita 9,000. Kombora halikukusudiwa kuigonga ndege. Lilitegwa lipasuke kwa muda uliopangwa, karibu na mahali ndege itakapokuwa. Ndege inayokwenda kilomita 400 kwa saa husafiri zaidi ya kilomita 2 katika sekunde 20, na kombora linaweza kuchukua muda kama huo kufika juu. Kwa hiyo hakuna anayelenga ndege. Wanalenga anga tupu mbele ya ndege. Mtu mmoja anapima urefu kwa kifaa chake, mwingine anafuatilia mwelekeo, mashine ya kukokotoa inatoa namba, mwingine anageuza gurudumu ili mshale ulingane na mshale, mwingine anategesha fyuzi, mwingine anapakia. Mwenye kugeuza gurudumu macho yake yako kwenye saa ya chuma iliyo mbele yake. Mwenye kupakia anaona kombora. Inawezekana kikosi kizima kikapiga usiku kucha na asiwepo hata mmoja anayeweza kusema: nilimwona adui, nikampiga, akaanguka.

Fikirini maana yake kwa masimulizi. Askari wa miguu ana hadithi hata asipokuwa na cheo. Alivuka mto, alimwona Mjapani, mwenzake alikufa ubavuni pake. Nafsi ya kwanza inamtosha. Mpiga mzinga wa ndege ana kipande kimoja cha tendo, na kipande hicho hakina maana mpaka kiunganishwe na vya wenzake. Anayeviunganisha ni ofisi ya kikosi. Majeshi ya Kiingereza yalitakiwa kuandika shajara ya kila mwezi ya kikosi, na kalamu ilikuwa mkononi mwa afisa. Katika vita vile hapakuwa na Mwafrika wa Afrika Mashariki aliyepewa kamisheni ya uafisa. Waganda wawili wa kwanza, Shaban Opolot na Idi Amin, waliipata mwaka 1961. Kwa hiyo nafsi pekee iliyoweza kusimulia kikosi cha mizinga kwa ukamilifu ilikuwa nafsi ambayo Mwafrika hakuruhusiwa kuivaa. Sijui utanzu mwingine ambamo ufundi wa usimulizi na sheria ya ubaguzi vimeshikana hivyo.

Mtego wa pili ni kusubiri. Mwaka 1940 Waitalia waliokuwa Ethiopia na Somalia walikuwa na ndege, na walizitumia: Wajir ilipigwa Juni mwaka ule, na Malindi ikapigwa Oktoba. Hofu ilikuwa ya kweli. Kisha Aprili 1942 ndege za Japani zikaipiga Colombo tarehe 5 na Trincomalee tarehe 9, na jeshi la majini la Uingereza la mashariki chini ya Admirali James Somerville likarudi nyuma hadi Kilindini. Ghafla Mombasa ikawa bandari ya meli kubwa za vita. Mizinga ikaelekezwa angani. Wajapani hawakuja. Miezi ikapita, watu wakisafisha mtutu, wakifanya mazoezi, wakitazama mawingu juu ya Likoni, na anga likabaki la kunguru. Historia ya kikosi inahitaji mapambano ili sura iwe sura. Kikosi kilichofaulu kwa sababu hakuna lililotokea hakina sura hata moja. Huwezi kupata nishani kwa ndege isiyokuja.

Katika kundi hilihili la wapiga mizinga wa Afrika Mashariki upo mfano wa uchungu zaidi, ingawa hawa walikuwa wa mizinga ya uwanjani. Februari 1944 kikosi cha 301 cha mizinga ya uwanjani kilipanda meli Khedive Ismail hapo Kilindini kwenda Colombo, ili baadaye kiingie vita vya Burma. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga meli kwa torpedo. Ilizama katika dakika chache. Kati ya watu 1,511 waliokuwamo walikufa 1,297, wengi wao wakiwa wapiga mizinga hao. Manowari za Kiingereza zilizokuwa zikilinda msafara zilitupa mabomu ya kuzama majini kumtafuta adui mahali ambapo watu walionusurika walikuwa bado wanaogelea. Kikosi kikafa kabla ya kuiona Burma. Katika mantiki ya historia ya kikosi, hawa wanastahili aya moja: walipakiwa, walizama. Majina yao yamechongwa kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita ya Nairobi, na jiwe hilo ni andiko bora kuliko kitabu, kwa sababu jiwe angalau linamtaja mmojammoja. Ni orodha, nakubali, haina msuko. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea tenzi anajua kwamba orodha ya majina inaweza kuwa kilele cha utungo.

Nimetaja tenzi, basi tumtazame Shaaban Robert. Utenzi wake wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945, uliotoka mwaka 1967 baada ya kifo chake, ndio jaribio kubwa kuliko yote la kukiweka Kiswahili ndani ya vita vile. Una beti kama 3,000. Wahakiki wengi wameusifu kwa upana wake na kuulaumu kwa jina lake, maana mtu aliyetawaliwa kuviita vita vya mtawala vita vya uhuru ni jambo la kushangaza. Sioni shaka juu ya jina kama wanavyoiona wao. Naona jina lina kiwango cha dai, kwamba tukiitwa kupigania uhuru basi na sisi tuna deni la kudai. Shaka yangu iko kwingine. Mshairi alikuwa mtumishi wa serikali Tanganyika, vita akivipata kwa habari. Habari zina wahusika wao: mataifa, viongozi, miji iliyoanguka. Hivyo utenzi wetu mkubwa kuliko yote kuhusu vita ulirithi bila kutaka mtazamo wa makao makuu. Vita vinaonekana kutoka juu, kama vinavyoonekana na rubani. Aliye chini na mtutu wake, anayetazama juu, hana beti zake.

Na magazeti? Jeshi lilitoa magazeti ya Kiswahili kwa ajili ya askari, Askari likiwa moja na Heshima, la waliokuwa Asia, likiwa jingine. Mtafiti Katrin Bromber ameyachunguza kwa kina kama vyombo vya propaganda, na sina la kuongeza juu ya hilo. Nasema tu kwamba yanastahili kusomwa katika somo letu la maendeleo ya nathari ya Kiswahili, si katika somo la propaganda peke yake. Pale ndipo maelfu ya watu wa bara, Wakakwa, Walugbara, Wakamba, Wanyamwezi, walipokutana na Kiswahili kilichoandikwa kwa ajili yao kama watu wazima wenye kusoma. Afrika Mashariki yote ilitoa zaidi ya watu 300,000 katika vita vile. Hakuna shule iliyowahi kuwa na wanafunzi wa Kiswahili wengi kiasi hicho kwa mara moja.

Hapo ndipo Midia inapoingia, kwa sababu Kiswahili cha West Nile ni mtoto wa jeshi. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua askari wa Selim Bey, mabaki ya jeshi la Emin Pasha, wakawa chanzo cha Wanubi wa Uganda na baadaye uti wa mgongo wa batalioni ya 4 ya Keya. West Nile yenyewe iliingizwa Uganda mwaka 1914 tu, baada ya kuwa ya Wabelgiji na kisha ya Sudan. Tangu hapo Waingereza waliitazama kama shamba la kuvuna watu wa aina mbili, askari na vibarua wa miwa. Timothy Parsons, katika kitabu chake cha 1999 kuhusu askari wa kawaida wa Keya, anaonyesha jinsi dhana ya makabila ya kivita ilivyotengenezwa: waliotoka maeneo yenye shule chache na njia chache za kupata fedha ndio waliosemwa kuwa wanapenda vita. Kazi za ufundi, kama redio na hesabu za mizinga, zilitaka waliosoma. Kwa hiyo si ajabu kama mtu wa Koboko alipewa bunduki na sufuria kabla ya kupewa mashine ya kukokotoa.

Sufuria nimeitaja makusudi. Mtu mashuhuri kuliko wote wenye asili ya Koboko aliingia Keya mwaka 1946, na inasimuliwa kwamba alianza jikoni. Vita vilikuwa vimekwisha. Hata hivyo Idi Amin aliposhika nchi alipenda kusema kwamba alipigana Burma, na kifua chake kikajaa nishani. Waandishi huichukua habari hii kama kichekesho au kama dalili ya uwongo wa mtu mmoja. Mimi naisoma kama matokeo ya utanzu tunaouhakiki. Kama historia ya kikosi ingekuwa historia ya watu, yenye majina, vijiji na namba zao mahali ambapo kila mtu angeweza kuzisoma, uwongo ule usingedumu hata siku moja. Wazee waliotoka Burma wangeufunga kwa kufungua ukurasa. Kitabu kilichojaa umati usio na majina ni nyumba isiyo na mlango. Aliyekuwamo hawezi kuthibitisha kwamba alikuwamo, na asiyekuwamo anaingia, anakaa kiti cha mbele, anapigwa picha.

Nilisema msuko hurudi hata mwandishi akiwa wa kwetu. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 vilizaa fasihi ya Kiswahili haraka: Baldwin Mzirai alitoa Kuzama kwa Idi Amin mwaka 1980, na Henry Muhanika akatoa Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada mwaka 1981. Tazameni majina tu. Kuzama. Anguko. Vita vyote vya majeshi mawili vimefungwa ndani ya mwendo wa mtu mmoja kwenda chini. Batalioni imetoka katika kiti cha mhusika mkuu, amekaa adui. Upande wa pili wa mzani wamekaa wananchi wa Tanzania kwa pamoja, wale walioambiwa na Mwalimu Nyerere, Novemba 1978, kwamba uwezo upo, sababu ipo na nia ipo. Ni masimulizi yenye haki nyuma yake. Kagera ilivamiwa, watu waliuawa, ng'ombe walichukuliwa. Sibishi haki hiyo. Ninachouliza ni nini kinachofanywa na msuko wenye pande mbili tu kwa mtu asiyekaa upande wowote kati ya hizo, kwa mfano mama wa Midia mwenye mtoto jeshini na mwingine shambani.

Katika vita hivi wapiga mizinga ya ndege wa Kitanzania walikuwa na kazi ya kweli. Ndege za Amin ziliipiga Bukoba. Baadaye, makombora ya begani ya Kisovieti yalipowafikia askari wa mbele, marubani wa Uganda walianza kuanguka. Lakini kisa kinachonisumbua ni cha Musoma, ambako ndege za kivita za Tanzania zilitunguliwa na Watanzania wenyewe waliozidhania kuwa za adui. Na Machi 1979 Libya, ikimsaidia Amin, ilituma ndege aina ya Tu-22 kuipiga Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane na kuua wanyama wa hifadhi. Kisa cha pili husimuliwa kwa kicheko kila mahali. Cha kwanza husimuliwa kwa sauti ya chini. Ni dhahiri kwa nini. Lakini mhakiki angepaswa kuona kwamba cha kwanza ndicho kinachotuambia kazi ile ni nini. Mpiga mzinga ana sekunde chache za kuamua kama doa lililo angani ni ndugu au adui, na anaamua kwa kusikia kilichosemwa na mwingine. Utungo ambao ungethubutu kukaa na kijana yule wa Musoma asubuhi ile, baada ya shangwe kukatika, ungekuwa na thamani kuliko mashairi mia ya ushindi. Sijaukuta.

Kitabu kinachokaribia ni War in Uganda cha Tony Avirgan na Martha Honey, kilichotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1982. Hao walikuwa waandishi wa habari, walifuatana na jeshi, na wanasikiliza askari wakizungumza. Hakina utii wa historia ya kikosi. Lakini hata wao wana msimamo wa mtu aliye ndani ya msafara: barabara inakwenda mbele, miji inakuja mmoja baada ya mwingine, Masaka, Kampala, Jinja, Lira, Arua. Tarehe 3 Juni 1979 askari wa Tanzania walifika mpaka wa Sudan, upande wetu, na vita vikaisha. Ardhi ilikuwa imekwisha.

Kwa msomaji wa Dar es Salaam huo ni mwisho mwema. Kwa msomaji wa Midia ndipo sura ya kwanza inapoanza. Wengi walikuwa wamekwisha kuvuka kwenda Sudan na Zaire. Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walirudi wakashambulia, na jeshi la serikali mpya likaja kulipiza kisasi kwa yeyote aliyekuwa na lafudhi ya huku. Tarehe 24 Juni 1981 watu waliokimbilia misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa humohumo. Wakakwa na Walugbara wengi waliishi ukimbizini miaka mingi, kisha vita vya Sudan vikawarudisha. Hakuna batalioni katika hadithi hii ambayo ingeweza kuwa mhusika wake mkuu. Ina watu wanaotembea na magodoro.

Lugha imehifadhi kile ambacho vitabu havikuhifadhi. Huku ukitaja Saba Saba mbele ya mzee, hafikirii kuzaliwa kwa TANU wala maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam. Anafikiri mitambo ya Kitanzania ya kurusha makombora mengi kwa mfululizo, ambayo Waganda waliiita kwa jina hilo. Neno la sikukuu lilivuka mpaka likiwa mlio. Kamusi zetu sanifu hazina budi kuliandika hivyo, kama maana ya pili, na tarehe yake. Vivyo hivyo Kiswahili chenyewe, ambacho Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kilibeba kwa Waganda wengi wa kusini harufu ya kizuizi cha barabarani. Mwanafunzi kutoka West Nile anayesoma Kiswahili chuoni leo huulizwa swali ambalo mwenzake wa Mombasa haulizwi: umekitoa wapi?

Mark Leopold, katika Inside West Nile cha mwaka 2005, alijaribu njia nyingine ya kupanga. Aliianza historia ya eneo hili na Arua ya miaka ya 1990 aliyoishi, akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi karne ya 19. Wasomaji kadhaa ninaowafahamu wanalalamika kwamba mpango huo unachosha. Kweli, unadai subira. Lakini tazameni unachoondoa: ukisoma kwa kurudi nyuma, hakuna kikosi kinachoweza kukua, hakuna ushindi unaoweza kuwa mwisho, na jeuri inayosemwa kuwa asili ya watu wa West Nile inaonekana kila hatua ikiwa imeletwa na mtu aliyetangulia. Huu ni uamuzi wa fani unaofanya kazi ya maudhui. Upungufu wake, kwetu, ni kwamba umeandikwa kwa Kiingereza na kwa sauti ya mtafiti; wazee wanaozungumza ndani yake wanazungumza wakiwa wametafsiriwa.

Kazi ya Kiswahili ya namna hiyo ingeanza na nini? Mimi ningeanza na karatasi. Katika masanduku ya mabati ya huku bado kuna vitabu vya kuachishwa jeshi, vyenye namba, cheo, kabila kama lilivyosikika sikioni mwa karani, na neno moja au mawili juu ya tabia ya mhusika. Karani aliandika jina la mtu kwa tahajia ya Kiingereza, na familia nyingine zikabaki na tahajia hiyo hadi leo kama jina la ukoo. Mchwa wanavila. Wanaoweza kuvisoma kwa sauti mbele ya mwenye kinasa sauti, na kusema hapa walikosea, huyu hakuwa Mlugbara, na hapa si Nairobi bali Gilgil, wamebaki wachache, na wengi wao wanasema Kiswahili kilekile cha jeshi ambacho mitihani yetu inakikata alama.